Kifaa Kinachofunguka kwa Spana Moja

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi na vikundi vya akina mama kutoka kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii ili mje kukaa nasi, na hasa akina mama mliotoka Kinango, Rabai na Ganze kabla ya alfajiri, asalaam aleikum na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa vya gharama ndogo ambavyo watu wanaweza kujitengenezea wenyewe vijijini ili maisha yawe mepesi kidogo. Nimefundisha ufundi wa vyuma katika mji huu kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba kazi ya fundi ni kubuni kifaa kizuri, kukitengeneza kwa bei ambayo mkulima anaimudu, kisha kukikabidhi na kuondoka. Sasa siamini hivyo. Ninaamini kwamba kifaa humfaa mtu wa kijijini akiwa na uwezo wa kukifungua, kukitengeneza kikiharibika, na hata kukibadilisha umbo bila ya kumwomba ruhusa aliyekileta. Bei ina uzito wake, lakini inakuja nyuma ya hilo. Nitawaeleza nilivyofika hapa, na nitaanzia jikoni.

Mama yangu mkubwa, dada wa mamangu mzazi, aliishi Kinango, na jiko lake lilikuwa kama majiko ya wengi wenu: mafiga matatu ndani ya chumba kidogo cha udongo kilichoezekwa makuti, na juu ya moto, uchaga wa fito ambamo mahindi ya msimu yaliwekwa. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, na kikohozi chake tulikitambua tukiwa bado njiani. Hali hiyo haikuwa yake peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wadogo kwa kuwa wao ndio wanaokaa karibu na moto.

Kwa hiyo mimi na wanafunzi wangu wawili tulikwenda kumjengea jiko. Tulichanganya udongo wa kichuguu, mchanga na samadi, tukafinyanga jiko lenye mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya sufuria, kisha tukatengeneza dohani ya bati na kuipitisha ukutani, kwa maana dohani inayopita katikati ya makuti ni kuualika moto darini. Kazi ilichukua siku mbili na bati moja kuukuu. Moshi ulitoka nje, mama mkubwa akapika ugali bila ya kupangusa machozi, nasi tukarudi Mombasa tukiwa na furaha kubwa. Hiyo ilikuwa Julai, karibu na mavuno.

Tuliporudi Desemba, dohani ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa nje, tundu lake ukutani limezibwa kwa udongo, na chumba kimejaa moshi kama zamani. Mwanafunzi wangu mmoja alininong'oneza kwamba wazee hawapendi mabadiliko. Mama mkubwa hakumjibu. Alinishika mkono, akanipandisha hadi uchagani, akachota mahindi kwa kiganja na kuyaacha yamwagike, na yaliyomwagika yalikuwa nusu punje na nusu unga. Akaniambia: "Mwanangu, jiko lako limenipa macho. Haya mahindi nayo umeyapa nini?"

Sikuwa na jibu. Kila mtu aliyelelewa katika nyumba za bara ya Pwani anajua kwamba mahindi huwekwa juu ya moto kwa sababu moshi na joto huyakausha na kuwafukuza wadudu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni, lakini nilipovaa koti la mwalimu wa ufundi nililisahau. Fukusi walikuwapo tangu zamani, na juu yao tumeongezewa dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akavuka na kuingia Kenya kupitia Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hutoboa punje ngumu kabisa na kuiacha kuwa vumbi. Moshi uliokuwa ukimwumiza mama mkubwa kifua ndio uliokuwa ukimlindia chakula cha miezi minane, na sisi tuliuondoa bila ya kuuliza ulikuwa ukifanya kazi gani.

Suluhisho halikutoka chuoni. Jirani yake, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na desturi ya kuweka mbegu za kunde ndani ya mitungi ya plastiki ya lita 20, akiijaza mpaka mdomoni, akiifunga kwa nguvu na kuzungushia kifuniko nta ya mshumaa. Alipoifungua baada ya miezi, wadudu waliokuwamo walikuwa wamekufa. Sababu yake inaeleweka: mdudu anavuta hewa kama sisi, na katika chombo kilichojaa na kufungwa barabara, hewa ile kidogo iliyobaki huisha upesi, naye hushindwa kula na kuzaana. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika mifuko ya tabaka tatu ambayo watafiti wa Purdue University ya Marekani walianza kuifanyia kazi pamoja na wakulima wa kunde wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo leo mnaiona katika maduka ya pembejeo. Tulitafuta mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, ambayo yalikuwa yamebeba chakula na si dawa wala kemikali, na mahindi ya msimu uliofuata yakaingia humo. Dohani ikarudishwa ukutani.

Hapa, hata hivyo, lazima niseme jambo zito, nanyi akina mama mlichukue nyumbani neno kwa neno. Mahindi yakifungiwa ndani ya pipa yakiwa na unyevu, yataota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo kabla ya kufunga pipa, chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tieni mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikiseni kwa dakika chache, kisha muiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka na yarudi juani juu ya turubai. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yako tayari. Kipimo hicho kinafanya kazi ya mashine, nacho kinahitaji chupa na chumvi tu.

Kuna jambo la tatu ambalo bado hatujalimaliza. Moshi ulikuwa unalinda pia makuti na fito za paa dhidi ya wadudu, na jiko lisilo na moshi huenda likafanya paa lichoke mapema. Ninalisema wazi kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kulijua kabla hajakubali jiko letu. Nalo jiko lenyewe mama mkubwa hakuliacha kama tulivyolifinyanga: alipanua tundu moja kwa panga ili lichukue sufuria yake ya ugali, akaongeza pete ya udongo kuzunguka ukingo ili moshi usipenye. Tulipolipima baadaye, lilikuwa likitumia kuni vizuri kuliko la kwetu, kwa kuwa sufuria ilizama zaidi ndani ya moto.

Sasa naomba ruhusa ya watu wa Kwale niwasimulie wengine habari za kwao. Katika miaka ya 1980, Pwani ya Kusini ilikuwa miongoni mwa mahali palipofanyiwa majaribio pampu ya mkono ambayo leo inajulikana barani kote kwa jina la Afridev. Pampu nyingi za wakati huo zilikuwa imara, lakini zilikuwa nzito. Kifaa cha ndani kikichakaa, ilibidi bomba zima la chuma livutwe kutoka kisimani kwa kiunzi cha miguu mitatu na minyororo, na watu wa kulivuta walitoka mjini kwa gari, wakija baada ya wiki au miezi. Mabinti walirudi mtoni na ndoo zao. Waliobuni Afridev walianza na swali tofauti: mama wawili au watatu wa kijijini, wasio na gari wala mnyororo, wataifunguaje?

Jibu lao linastahili kutazamwa kwa makini na kila mwanafunzi wa ufundi. Bomba linaloshuka kisimani ni la plastiki, na upana wake unaruhusu pistoni, kile kipande kinachopandisha maji, na vali ya chini inayozuia maji yasirudi, kuvutwa juu kupitia ndani yake, huku bomba lenyewe likibaki mahali pake. Fito za chuma zinazoshika pistoni zinaungana kwa kulabu, hazikazwi kwa skurubu. Bushi, yaani vile vipande ambamo mhimili wa mkono wa pampu unazunguka, ni za plastiki, zinachakaa kwa makusudi ili chuma kisichakae, na kuzibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Pampu nzima inafunguka kwa spana moja. Michoro yake iliachwa wazi kwa umma, hivyo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza bila ya kulipia haki. Vikundi vya wanawake vya Kwale vilifundishwa kuifungua na kuifunga, vikaweka kamati na mfuko wa fedha wa vipuri, na watu waliokuwa wakiambiwa kwamba mambo ya chuma ni ya wanaume wakawa ndio mafundi wa maji wa vijiji vyao.

Sitaki mfikiri kwamba mambo yaliishia hapo kwa heri. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2009 yalionyesha kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Nimesimama mwenyewe kando ya kisima ambacho pampu yake ilinyamaza kwa ajili ya kipete cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mtoto, kwa sababu duka la karibu lililokiuza lilikuwa Mombasa, na nauli ya kukifuata ilizidi bei yake mara nyingi. Spana moja haitoshi ikiwa kipete hakipatikani Kinango. Viongozi wa kaunti walioko hapa, hili ni lenu: mnapoandika bajeti ya visima, andikeni pia ni duka gani, katika soko gani la kijijini, litakaloweka vipuri hivyo, na nani atalikopesha mtaji wa kuanzia.

Linganisheni pampu hiyo na nyingine iliyosifiwa sana duniani miaka ya 2000, ile ya PlayPump, ambayo watoto walizungusha bembea na maji yakapanda kwenye tangi. Wazo lilivutia, na mamilioni ya dola yakatafutwa. Lakini gazeti la Guardian la Uingereza lilipopiga hesabu mwaka wa 2009, lilionyesha kwamba ili kufikia lengo lililotangazwa la maji, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Katika vijiji vingi wanawake watu wazima ndio waliobaki wakiizungusha, tena kwa taabu, na ilipoharibika hawakuweza kuifungua. Nalitaja hili kwa huzuni, kwa sababu walioleta mitambo ile walikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo niliyokuwa nayo mimi pia Kinango.

Jiko la mkaa tunalolijua sote, lile lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani, lilifuata njia nyingine. Asili ya wazo lake ni Thailand, nalo lilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miundo ya kwanza ilikuwa na kasoro na udongo wake ulipasuka. Mafundi wa jua kali waliendelea kulibadilisha, wakalipa kitako kipana ili lisipinduke mwanamke anaposonga ugali, na udongo ukabanwa pale juu tu ambapo moto unakaa. Likatoka jiko linalopunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu, na leo linatengenezwa kuanzia Kongowea hadi Uganda na Tanzania. Hakuna kiwanda kikubwa kilicholisambaza. Mfinyanzi alifinyanga, fundi bati akakata, muuza mkaa akauza, na kila mmoja aliweza kulitengeneza upya.

Wengi wenu mmesikia habari za William Kamkwamba wa Malawi, kwa hiyo nitagusa kidogo tu. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa karo, naye akiwa na miaka 14 alikwenda kwenye maktaba ndogo ya kijiji cha Wimbe, akasoma michoro ya kitabu cha nishati kuliko maneno yake, akajenga mtambo wa upepo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyalaza kuwa mapanga. Watu husimulia taa ilipowaka. Mimi hunivutia zaidi kwamba, alipoogopa waya zisije zikaleta moto ndani ya nyumba, alijitengenezea kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku. Mtu aliyekijenga kifaa mwenyewe huona hatari yake mapema, na anajua pa kuanzia kuizuia.

Hata hivyo, kifaa kizuri cha mahali pamoja hakisafiri kila mara. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, aliweka chungu ndani ya chungu katika miaka ya 1990, akajaza mchanga wenye maji katikati na kufunika kwa kitambaa kibichi. Biringanya zilizokuwa zikioza kwa siku tatu zilikaa siku 27, na mwaka wa 2000 alipata tuzo ya Rolex. Wanafunzi wangu huja na wazo hilo kila mwaka. Huwaeleza kwamba Jigawa, jimbo la kaskazini mwa Nigeria alikokuwa mwalimu huyo, ni nchi kavu, na maji yanapogeuka mvuke ndipo yanapochukua joto. Hapa kisiwani hewa imeshiba unyevu wa bahari, mvuke hautoki upesi, na ndiyo maana mtungi wa bibi zetu hupoza maji kiasi lakini haugeuki kuwa jokofu. Kipelekeni chungu hicho nyika za Kinango au Magarini wakati wa kiangazi, mkipime huko kabla hamjakiahidi mtu.

Ndivyo ilivyo hata kwa maji ya kunywa. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, miale ya jua huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara. Maji yenye tope hayafai mpaka yatulie, na hapo mbegu za mlonge zilizopondwa husaidia kuzamisha tope. Lakini jua haliondoi chumvi, na visima vyetu vingi vya karibu na bahari tatizo lake ni chumvi. Mama akiambiwa nusu ya habari hiyo, ataionja chupa yake, ataikuta bado ni chumvi, ataitupa, na safari nyingine hatatusikiliza.

Kibuyu chirizi sitakieleza. Mnakijua, watoto wenu wananawa nacho nje ya choo, na kila mmoja wenu amekibadilisha kamba au kijiti kwa jinsi anavyoona inafaa.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni hili. Mitihani yetu humpa mwanafunzi alama kwa kutengeneza kitu kipya, na mara chache mno humpa alama kwa kufungua kitu cha mwenzake na kueleza kwa nini kimekataa. Tuibadilishe. Kazi ya mwaka wa mwisho ikae kijijini msimu mmoja mzima wa mvua kabla haijapewa alama, na katika wanaotoa alama awemo mwenye jiko au mwenye kisima kilichofanyiwa kazi hiyo. Mwanafunzi aandike pia, kabla ya kukata bati la kwanza, kile anachokusudia kukiondoa kilikuwa kikifanya kazi gani nyingine ndani ya nyumba ile. Nami nitakuwa wa kwanza kupeleka wanafunzi wangu.

Nje, chini ya mwembe, tumesimamisha kichwa cha Afridev juu ya pipa la maji, pistoni yake ikiwa na kipete kilichochakaa, na pembeni tumeweka kipete kipya. Spana iko juu ya meza, nayo ni moja. Naomba akina mama watangulie kuifungua, na sisi walimu tusimame nyuma yao na daftari zetu.